George Town, Penang: maswali mnayouliza sana kuhusu misosi na mitaa

Watu wakisikia nimekaa Penang maswali yanayokuja ni yale yale, huko wanakula nini, nguruwe je, nitembee wapi, niandae shilingi ngapi, kwa hiyo nimeyakusanya yote hapa. Nimejibu nikiwa na mtu wa kwetu kichwani, awe wa Dar, Mombasa, Unguja au anaishi Muscat, anayetaka kwenda kula na kuzurura vizuri bila kutupa hela. Msimamo wangu nausema mapema kabisa: Penang usile kwa kufuata orodha za kwenye simu, kula kwa kufuata saa na mtaa. Kila chakula pale kina wenyewe, kina mtaa wake na kina saa yake, ukishalijua hilo mengine yote yanakuwa mepesi.

Penang ni wapi, na George Town ndo nini?

Penang ni jimbo la Malaysia, kaskazini magharibi, nusu kisiwa nusu bara. George Town ndo mji wake mkuu, uko kwenye pembe ya kaskazini mashariki ya kisiwa. Mwingereza Francis Light aliuanzisha 1786 kwa niaba ya Kampuni ya East India, wakaifanya bandari isiyotoza ushuru, basi watu wakamiminika: Wachina kutoka Fujian na Guangdong, Watamil Waislamu, Waacheh kutoka Sumatra, Waarabu wa Hadhramaut, Waarmenia, Wasiam (watu wa Thailand), na Wamalay wenyewe wakiwepo. Wote hao wamejenga na wamepika. Mwaka 2008 UNESCO iliuingiza mji huu kwenye urithi wa dunia pamoja na Melaka, kwa hiyo mtu aliyezoea Mji Mkongwe wa Zanzibar, ulioingia 2000, au Lamu ya 2001, akifika pale anaelewa haraka anachokiona, nyumba za biashara chini makazi juu, milango ya mbao na vichochoro vinavyotokea usikotegemea.

Nafikaje?

Kutoka Afrika Mashariki wengi wanapitia Doha, Dubai au Addis Ababa hadi Kuala Lumpur, alafu kutoka pale una njia tatu. Ndege ya ndani ni kama saa moja hadi uwanja wa Bayan Lepas. Basi ni kama saa tano. Treni ya umeme ya ETS kutoka KL Sentral ni saa nne na kitu hadi Butterworth, alafu unavuka kwa kivuko. Mimi nakushauri treni na kivuko, maana ukifika kwa maji unauona mji unakuja mbele yako na bei ya kivuko ni ringgit chache tu, na unashukia Weld Quay ambapo mitaa ya zamani inaanza hapo hapo, unaburuza begi lako hadi hotelini kama hauko mbali.

Kuhusu viza, masharti yanatofautiana pasipoti kwa pasipoti, angalia kwa Uhamiaji wa Malaysia kabla hujalipia tiketi. Kuna kadi ya kuwasili ya mtandaoni inaitwa MDAC, inajazwa ndani ya siku 3 kabla ya kufika, ni bure, usimlipe mtu. Na kadi yako ya njano ya homa ya manjano beba, sisi wa ukanda huu tunaulizwa.

Nikae mtaa gani?

Ndani ya mji wa zamani, usiende kukaa mbali ufukweni Batu Ferringhi kama lengo lako ni kula, maana kule kila mlo wa mjini unakuwa safari ya basi. Eneo lote la urithi halifiki hata kilomita 3 za mraba, unalitembea kwa miguu. Lebuh Chulia (lebuh maana yake mtaa), Love Lane na Lebuh Muntri zina nyumba za wageni za kila bei. Chulia usiku ina kelele, kama una usingizi mwepesi omba chumba cha nyuma.

Mimi sili nguruwe, nitakula nini?

Hili ndo swali la kwanza kwa kila mtu na jibu ni kwamba utakula mpaka uchoke, ila ujue unaingia wapi. Migahawa ya Watamil Waislamu, wenyewe wanaiita mamak, ipo kila kona na mingi haifungi mpaka usiku wa manane, mingine saa 24. Vibanda vya Wamalay navyo halali. Vibanda vya Wachina vingi vinatumia nguruwe au mafuta yake, hata pale usipoiona nyama yenyewe. Hapo ndo watu wanajichanganya, mtu anaangalia sahani anaona kamba na tambi anasema hii ya baharini tu, kumbe imekaangwa kwa mafuta ya nguruwe na vipande vidogo vikavu vya mafuta hayo vimenyunyiziwa juu. Char koay teow (tambi za mchele za kukaanga), Hokkien mee (supu yake inachemshwa na mifupa ya nguruwe pamoja na maganda ya kamba), lor bak (nyama iliyoviringishwa ikakaangwa), hivo vyote kwa mpishi wa Kichina ujue ndo vilivyo. Uliza tu "halal?" hawakasiriki hata kidogo, watakwambia ukweli, wamezoea kuishi na Waislamu miaka zaidi ya 200.

Alama ya kuangalia ni nembo ya halali ya JAKIM, idara ya serikali ya mambo ya Kiislamu, ukutani, ila vibanda vingi vidogo vya Waislamu havina nembo na ni vyao kabisa, utaona aya ukutani na mwenye kibanda kavaa kofia. Ukitaka kula barabarani bila wasiwasi nenda Padang Kota Lama, pale karibu na bahari na ngome ya Cornwallis, kuna upande wa vibanda vya Waislamu. Pale kula mee sotong, tambi za njano na ngisi kwenye mchuzi mwekundu mtamu mkali, na pasembur.

Pasembur ni hivi: unakuta meza imejaa vitu vya kukaanga, bagia za kamba, tofu, viazi, mayai, pweza, unachagua kwa kidole, anakatakata kwa mkasi, anaweka tango na sengkuang, hilo ni kama kiazi kibichi chenye maji mengi na utamu kidogo, alafu anamwagia rojo zito la viazi vitamu, karanga na pilipili. Bei inategemea ulichonyooshea kidole, kwa hiyo nyoosha kwa akili, hasa kwenye kaa na kamba wakubwa.

Mla mboga nae hana shida, Little India kuna wali wa kwenye jani la mgomba, thosai na idli, vyakula vya unga wa mchele na dengu.

Nasi kandar ni nini na nauagizaje?

Huu ndo mlo wa Penang wa Waislamu, ukila kitu kimoja tu pale basi kiwe hiki. Zamani Watamil walikuwa wanabeba wali na michuzi kwa mzegamzega, chombo mbele chombo nyuma, wanauza kwa watu wa bandarini, na jina la chakula limetokana na huo mti wa begani. Hameediyah ya Lebuh Campbell wapo tangu 1907, foleni yao inafika barabarani na inastahili.

Ukifika unapanga foleni, hakuna menyu ya maana, unaangalia masufuria. Wa kwanza anakuwekea wali, mweupe au wa viungo. Alafu unachagua: kuku wa kukaanga, mbuzi, nyama ya ng'ombe iliyopikwa na sosi ya soya mpaka imekuwa nyeusi, samaki, ngisi, mayai ya samaki, na bamia nzima za kuchemsha, hizo usiziache. Baada ya hapo ndo kazi yenyewe. Ukimwambia "campur" anachukua kijiko anachota mchuzi wa samaki, anahamia wa kuku, anahamia wa nyama, anarudi kwenye dalcha, mchuzi wa dengu, anamwaga juu ya wali mmoja baada ya mwingine mpaka hujui unakula mchuzi gani, na ukimwambia "banjir" anauzamisha wali wote. Sema banjir. Wali mkavu na michuzi pembeni hauna ladha ile, ule mchanganyiko ndo chakula chenyewe, kila nyumba ina vile vyake na wenyeji wanagombana juu ya nani anachanganya vizuri.

Bei anapiga mtu wa mwisho kwa kuangalia sahani. Kuku na bamia ni kama ringgit 10 hadi 15. Kichwa cha samaki, mayai ya samaki na kamba wakubwa vinapandisha, uliza "berapa?" kabla hakijaingia sahanini. Wanakula kwa mkono wa kulia, sinki la kunawa lipo pembeni, utajisikia nyumbani kabisa.

Asubuhi watu wanakula nini?

Roti canai na teh tarik. Roti canai ni ndugu wa chapati yetu ya kusukuma lakini haisukumwi, donge lililolala kwenye samli linapigwa mezani, linarushwa hewani mpaka linakuwa jembamba unaona mkono wa mtu upande wa pili, linakunjwa, linaenda kwenye bamba la moto, likiiva anaipiga kati ya viganja viwili ili matabaka yaachane. Inakuja na dalcha na mchuzi wa samaki. Ukisema "kosong" ni tupu, "telur" ina yai. Ringgit 1.50 hadi 2.50. Teh tarik ni chai ya rangi na maziwa mazito ya kopo, inamwagwa kutoka kopo moja kwenda jingine kwa umbali wa mkono mzima mpaka inatoa povu. Ni tamu mno, kama sukari hutaki nyingi sema "kurang manis", na kama hutaki maziwa sema "teh o".

Au chukua nasi lemak, wali wa nazi uliofungwa kwenye jani la mgomba kifurushi kidogo, ndani kuna dagaa, yai na sambal, ile pilipili yao ya kusaga. Vifurushi hivi vinaisha mapema, saa nne asubuhi unakuta jani tupu.

Laksa ya Penang ikoje? Nimesikia wengine hawaipendi.

Wasioipenda walitegemea tui la nazi. Laksa ya Singapore ina tui, ya Penang haina. Hii inaitwa asam laksa, ni supu ya vibua vilivyochemshwa vikachambuliwa nyama yote ikabaki ndani, ikatiwa ukali wa asam, mchaichai, pilipili, ua la tangawizi pori wanaloliita bunga kantan, alafu juu ya tambi za mchele inawekwa nanasi, tango, kitunguu chekundu, mnanaa, na kijiko cha rojo jeusi zito la kamba waliochachushwa. Lile rojo linanuka. Koroga, usiliogope, bila hilo supu inabaki ukali mtupu. Mtu aliyekulia kwenye samaki wa ukwaju pwani hii hatapata tabu nayo. Mwaka 2011 CNN waliiweka ya 7 kwenye orodha yao ya vyakula 50 vitamu duniani, lakini wenyeji hawakuhitaji kuambiwa na CNN.

Nzuri nyingi ziko nje ya mji wa zamani, Air Itam na Balik Pulau, na ni chakula cha mchana na alasiri, usiisubiri usiku. Hutakuta nguruwe kwenye laksa ya kawaida, ila kama unataka uhakika wa vyombo na yote tafuta ya Wamalay, ipo.

Na char koay teow?

Tambi pana za mchele kwenye karai. Hata kama huli, kasimame uangalie. Karai moja, moto mkali, wengine bado wanatumia mkaa, na anapika sahani moja moja hata watu wawe 20 wanasubiri. Kitunguu saumu, kamba, tambi, soya, pilipili ya kusaga, anasukuma vyote pembeni anapasua yai, anarudisha, anatupia choroko zilizochipua na majani ya kuchai, mwisho kabisa kome wadogo wabaki laini, imeshatoka. Ile harufu ya moto kwenye tambi ndo inayolipiwa. Wapo Waislamu wanaopika bila mafuta ya nguruwe, uliza mwenyeji neno "halal" kwanza alafu jina la chakula, watakuelekeza, na usikubali mtu akwambie ya halali haina maana, moto ni ule ule.

Serikali ya jimbo ilipiga marufuku wapishi wa kutoka nchi za nje kupika vyakula hivi vya barabarani, utekelezaji ukaanza 2016, kwa hofu kwamba ladha itapotea. Mimi naelewa hofu yao lakini naona tatizo kubwa ni jingine, wapishi wenyewe wazee, watoto wamesoma na hawataki kusimama mbele ya karai mpaka saa sita usiku. Ukikuta mzee anapika kitu kimoja tu na kibanda chake hakina hata jina la maana, kaa hapo.

Utaratibu wa kukaa ukoje? Sitaki kuonekana mshamba.

Hakuna ushamba, lakini jua haya. Kwenye kopitiam, yani ule mgahawa wa Kichina wenye vibanda vingi ndani, mwenye jengo anauza vinywaji na wenye vibanda wanauza chakula. Kaa kwanza, kumbuka namba ya meza, nenda kibandani agiza utaje namba, rudi, mtu wa vinywaji atakuja. Agiza kinywaji, ni kama kodi ya kiti, sehemu nyingine usipoagiza wanakutoza kidogo. Unalipa chakula kikifika mezani. Kushea meza na usiowajua ni kawaida. Bakshishi hawategemei. Ukitaka kubeba sema "tapau" au "bungkus", hata chai wanakufungia kwenye mfuko wa nailoni na kikamba cha kuning'iniza kidoleni, utaona watu wanaendesha pikipiki chai inaning'inia.

Noti ndogo uwe nazo. Kulipa kwa simu kwa QR wanatumia sana lakini nyingi zinataka akaunti ya huko.

Nianze kutembea wapi?

Anza Jalan Masjid Kapitan Keling, barabara moja tu, utembee taratibu. Mwanzo wake kuna kanisa la St George la 1818, jeupe lenye nguzo. Hatua chache tu hekalu la Kuan Yin la Wachina, moshi wa udi unatoka mpaka barabarani na bibi kizee kashika vijiti viwili mkononi anainama mara tatu. Ukikata kidogo kushoto uko Little India, hekalu la Sri Mahamariamman la 1833 liko Lebuh Queen, maduka ya sari na mashada ya asumini. Ukirudi barabarani mbele yako ndo msikiti wa Kapitan Keling wenyewe, ulianzishwa 1801 na Cauder Mohideen aliyekuwa kiongozi wa Watamil Waislamu. Wageni wanapokelewa nje ya saa za swala, mwanamke asiyejifunika anapewa joho.

Alafu endelea mpaka Lebuh Acheh, na hapa naomba uchukue muda. Msikiti wa Lebuh Acheh ulijengwa 1808 na Tengku Syed Hussain, tajiri wa Acheh mwenye asili ya Hadhramaut. Kabla ya enzi za ndege, mahujaji wa kaskazini ya Malaya, Sumatra na kusini ya Siam walikuwa wanakusanyika mtaa huu kusubiri meli ya Makka, wanalala hapa, wananunua vifaa vya safari hapa, mpaka mtaa ukaitwa Jeddah ya pili. Mtu wa pwani yetu aliyekua na Washihiri jirani, Waarabu wa Hadhramaut wenye maduka na misikiti yao Mombasa, Lamu na Unguja, anakuta ndugu zao wale wale walioelekea mashariki. Mimi mahali pale huwa nakaa kwenye baraza la msikiti baada ya alasiri bila kufanya lolote, na hakuna anayekuuliza kitu.

Tembea chini ya vibaraza vya maduka, wanaita kaki lima, vimejengwa vikiungana ili mtu asilowe wala kuchomwa na jua. Shida ni kwamba wengine wamepaki pikipiki humo au wameweka bidhaa, unaingia unatoka, angalia magari.

Ile michoro ya ukutani iko wapi?

Ile maarufu ya watoto wawili kwenye baiskeli ya kweli iko Lebuh Armenian, ilichorwa na Ernest Zacharevic wa Lithuania mwaka 2012, na mingine yake iko Ah Quee, Cannon na Muntri. Nenda kabla ya saa mbili asubuhi, baada ya hapo ni foleni ya kupiga picha. Mimi nakwambia angalia zaidi zile sanamu za nondo nyembamba zilizopigiliwa kutani, zipo zaidi ya 50, kila moja inaeleza mtaa uliposimama ulikuwa wa nani na kazi gani. Lebuh Cannon kwa mfano inahusu ghasia za 1867, vikundi vya siri vya Wachina na Wamalay walipopigana siku kadhaa na mizinga ikatumika mjini.

Vile vijiji vya juu ya maji?

Clan Jetties, viko Weld Quay. Karibu kila gati la mbao ni la ukoo mmoja, Chew, Lim, Tan, Lee, Yeoh, nyumba zimesimama kwenye nguzo juu ya maji. Chew ndo lina maduka na wageni, mengine matulivu. Kumbuka ni makazi ya watu, usichungulie madirishani na simu, na jioni wageni wanaombwa watoke.

Wenyeji bado wanaishi mji wa zamani au ni hoteli tupu?

Wapo lakini wamepungua sana na inaniuma. Nyumba nyingi zilikuwa chini ya sheria ya kudhibiti kodi, watu wanalipa kidogo vizazi na vizazi. Sheria ikafutwa, ikaisha kabisa mwanzoni mwa 2000, kodi zikaruka, mafundi na familia wakahama, alafu UNESCO ikaja 2008 na thamani ikapanda tena, nyumba zikageuka hoteli na mikahawa ya kahawa ghali. Watu wa Mji Mkongwe hili mnalijua bila kuelezwa. Kwa hiyo hela yako iweke kwa wanaoishi pale, kunywa kahawa kopitiam, nunua kikapu kwa msukaji, na kama unapanda beca, ile baiskeli ya matairi matatu abiria anakaa mbele, patana bei kwanza alafu usimbane mzee wa watu kwa ringgit mbili.

Bajeti ya kula kwa siku?

Ringgit 40 hadi 60 unakula vizuri mara tatu na vitafunwa. Ringgit moja ni kama shilingi 600 za Tanzania au 30 za Kenya, inapanda na kushuka. Basi la CAT linazunguka mji wa zamani kati ya gati na Komtar, lile jengo refu la mjini, ni bure. Mabasi ya Rapid Penang ni rahisi, dereva harudishi chenji. Usiku tumia Grab, teksi ya kuita kwa simu.

Tumbo litanisumbua?

Kula kwenye foleni, kinachopikwa mbele yako kikiwa moto. Maji ya bomba usinywe. Pilipili ya sambal inawaka kuliko unavyodhani, anza kidogo pembeni, "tak pedas" maana yake usiweke kali.

Kitu baridi cha mchana?

Cendol, tui la nazi na barafu iliyokunwa, maharage mekundu, sukari guru ya minazi, na vijiti laini vya kijani vya unga wa mchele vyenye harufu ya majani ya pandan. Foleni ya Lebuh Keng Kwee, pembeni ya Penang Road, watu wanaila wamesimama ukutani. Kama ringgit 4 au 5.

Duriani?

Msimu wake mkubwa ni kati ya Mei na Agosti, na Balik Pulau, upande wa nyuma wa kisiwa, ndo kwenye mashamba. Mtu wa Unguja aliyeonja doriani ya kwao atashangaa jinsi wanavyozichambua kwa majina, Ang Heh, Musang King, Black Thorn, moja ina uchungu, nyingine kama krimu. Muuzaji anakufungulia, unaonja hapo hapo, kama mbaya anabadilisha. Hotelini usiingie nayo, kuna faini.

Sisi weusi tunapokelewaje?

Utaangaliwa, hasa na wazee na watoto, na swali la "dari mana?", umetoka wapi, utaulizwa sana. Ukisema Tanzania au Kenya mazungumzo yanafunguka, kwenye mamak ukiwa Mwislamu ukatoa salamu ndo kabisa. Sisemi ubaguzi haupo. Kuna nyumba ya wageni waliniomba amana kubwa kuliko waliyowaomba Wazungu waliokuwa mbele yangu, nikachukua begi nikaenda mlango wa pili nikapata chumba kizuri zaidi. Tembea na pasipoti, polisi wanaweza kuuliza.

Mwezi gani mzuri?

Joto ni lile lile mwaka mzima, 30 na zaidi, jasho. Januari na Februari mvua chache, Septemba mpaka Novemba nyingi. Mwaka mpya wa Kichina vibanda vingi vya Wachina vinafungwa siku kadhaa, usiende siku hizo kama umefuata chakula. Ramadhani mchana migahawa ya Waislamu mingi imefungwa lakini alasiri masoko ya futari yanafunguka barabarani na yale yanafaa hata kwa asiyefunga. Ijumaa mchana mamak wengine wanafunga kwa ajili ya swala, kula kabla.

Siku ngapi zinatosha?

Nne, tano bora. Zikiwa mbili utakimbizana. Siku moja iache kwa Kek Lok Si, hekalu kubwa la Wabudha, na Bukit Bendera, kile kilima cha reli ya kuvutwa iliyofunguliwa 1923, kileleni ni zaidi ya mita 800 na kuna ubaridi kidogo, alafu laksa Air Itam ukishuka.

Nirudi na zawadi gani?

Nenda soko la Chowrasta, Penang Road. Utakuta kungumanga lakini siyo kama tulivyoizoea. Sisi tunatumia kokwa na basibasi, nyama ya tunda tunatupa. Penang nyama ndo wanayokula, wanaikata nyembamba wanaiweka sukari au chumvi, na wanakamua juisi yake, inauzwa mjini kote na ni tamu yenye harufu ile ile ya pilau. Mkungumanga uliletwa na Waingereza kutoka visiwa vya Maluku, pamoja na karafuu, mwishoni mwa karne ya 18, na karafuu baadaye ikawa ya kwetu zaidi. Chukua pakiti za ile iliyokaushwa, hazina uzito. Kuna pia biskuti za choroko, tau sar pneah, wenyeji wanazipenda sana, ila za kienyeji zina mafuta ya nguruwe, kwa hiyo kama unampelekea mama mkwe Mwislamu nunua zenye nembo ya halali kwenye boksi.